Nani ana haki ya kusema "leo hatutoki"?

Wiki iliyopita feri ya Likoni ilizuiwa upande wa kisiwani ili meli ipite kwanza. Wakazi wa Mombasa tumelizoea jambo hilo. Watu mia kadhaa mmebanana kwenye mteremko, mikokoteni kwa pikipiki, akina mama na vikapu vya muhogo, kila mmoja anaangalia saa na kuguna, na mbele yenu ukuta wa chuma unapita polepole kama mtaa mzima umeamua kuhama. Pale kwenye mlango wa bandari meli hupita karibu mno, hata mtu anaweza kuhesabu madoa ya kutu. Kijana mmoja mwenye begi la kazi mgongoni alinyoosha kidole katikati ya ubavu wa meli.

"Mzee, lile duara lenye mstari ni la nini? Na zile herufi?"

Nikamweleza nijuavyo. Kila herufi ina mstari wake, na mstari ndio mwisho wa maji kuupanda ubavu. T ni ya bahari za joto, S ni ya majira ya kiangazi, W ni ya majira ya baridi. Meli iliyopakizwa ikazama hadi T hairuhusiwi kuingia kwenye bahari iliyo katika majira ya baridi kabla haijapunguza uzito, maana huko mawimbi ni makubwa na chombo kinahitaji ubavu zaidi juu ya maji. Bahari zote za dunia zimegawanywa hivyo, kwa eneo na kwa tarehe.

Akacheka. "Kumbe hata hawa wana kusi na kaskazi yao," akasema, akimaanisha zile pepo mbili za majira zinazotawala pwani yetu.

Feri ikashusha mlango, tukasukumana kuingia, naye akapotelea kwenye umati. Lakini neno lake nimekuwa nalo wiki nzima, kwa sababu limenifungulia jambo ambalo nimelizunguka kwa miaka bila kulishika. Tunapousifia ujasiri wa baharini tunamsifia aliyetoka. Tunamsimulia aliyevuka, aliyepambana na tufani, aliyerudi na nusu ya tanga. Yule aliyeitazama mbingu alfajiri akasema "leo hatutoki" hana hadithi. Na mimi nadhani yeye ndiye aliyeijua bahari, na kwamba misiba mingi ya baharini, ya zamani na ya jana, ilianza siku mtu huyo aliponyang'anywa neno lake na mtu mwingine aliyekaa nchi kavu.

Babu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi ya boriti. Walipakia mikoko Lamu wakaipeleka Ghuba, wakarudi na tende, chumvi na papa mkavu ambaye harufu yake, akisema bibi, ilitangulia kufika nyumbani kuliko mume. Babu alitufunza kwamba nahodha hodari hujulikana kwa siku alizolala bandarini. Kaskazi ikishika, yaani kuanzia Desemba hivi hadi Machi, vyombo vya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi vinateremka kuja kwetu. Kusi ikianza Aprili, vinageuka. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni nyepesi. Mzigo wake uko katikati: Juni na Julai kusi huwa kali, bahari inaumuka, bandari za magharibi ya Bara Hindi zilikuwa zikifungwa kabisa, na nahodha mwenye akili alikuwa ama ameondoka mapema kusi ingali changa, ama anangoja mwishoni, Agosti na kuendelea, ikishapungua nguvu. Halafu kuna tanga mbili, majira ya upepo usiojijua, leo unavuma huku, kesho kule, keshokutwa haupo.

Kwa hiyo walingoja. Walipandisha vyombo pwani, wakavikwangua, wakavikalafati, wakavipaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo mtoto yeyote wa Mji wa Kale wa enzi hizo angeyatambua akiwa amefumba macho. Na wakati wa kungoja waliswali, walidaiana, walioa. Sisi Waswahili tunapenda kujiita watoto wa bahari. Kwa haki ya historia sisi ni watoto wa kungoja upepo. Mtu akibaki miezi minne mahali lazima ajifunze lugha ya mwenyeji na ale kwa mkwe. Vyombo vingekuwa na uwezo wa kuja na kuondoka kila wiki, sijui kama lugha hii ninayoiandika ingekuwepo.

Sitaki kuipaka zama hiyo asali. Mtepe wetu, ule ulioshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, ulinyumbuka vizuri ukigusa mwamba, lakini ulivuja, na kulikuwa na watu kazi yao kukumba maji usiku na mchana. Mabaharia wa majahazi walilipwa kwa mafungu baada ya safari, na wengi waliingia chomboni wakiwa tayari na deni kwa nahodha au tajiri. Mwenye deni hana sauti kubwa. Na kuna waliokuwa chini ya sitaha wasioulizwa chochote, waliouzwa kama shehena. Haki ya kusema "leo hatutoki" ilikuwa ya nahodha, si ya kila mtu. Hata hivyo nahodha alikuwa mle mle chomboni. Akikosea, anakufa na wenzake. Hapo ndipo penye tofauti ninayoitafuta.

Mchukue Vasco da Gama, ambaye shule zimetufunza kumtaja kama kipimo cha uthubutu. Alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Sultani akampelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na wagonjwa wake wakapata nafuu hapa hapa kwetu. Halafu mambo yakaharibika. Gama akawatesa watu wawili kwa mafuta ya moto ili waseme kama kuna njama, na usiku watu wakaogelea hadi kwenye meli zake kuzikata kamba za nanga. (Wazee wa Mvita husimulia sehemu ya kamba kwa furaha zaidi kuliko sehemu ya machungwa.) Akaondoka tarehe 13, akafika Malindi, akapewa rubani Mgujarati. Ile hadithi kwamba rubani alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari, wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, na baada ya siku 23 hivi wakaiona nchi ya Bara Hindi. Safari laini kabisa. Ilikuwa laini kwa sababu waliokuwa wakiijua njia ndio waliochagua siku.

Sasa tazama kurudi. Gama aligombana na wenyeji wa Calicut akaondoka mwishoni mwa Agosti, akakaa kidogo kwenye visiwa vya pwani ile, na tarehe 5 Oktoba akaingia bahari kuu. Kaskazi ilikuwa bado. Hakuna rubani wa kwetu ambaye angetoka siku hiyo. Angekaa, angekula wali, angengoja. Gama hakuwa na mahali pa kungojea, amegombana na kila mtu, na nyuma yake kuna mfalme anayetaka habari. Upepo ukakatika, ukarudi wa mbele, ukakatika tena. Njia ya siku 23 ikawala miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kikawashika: ufizi ukavimba ukafunika meno, miguu ikajaa. Watu 30 wakafa katika mvuko huo, na wengine 30 walikuwa wameshakufa kabla yake. Walipoiona pwani ya Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, kila meli ilikuwa imebaki na watu 7 au 8 wenye nguvu ya kufanya kazi. Malindi wakaomba machungwa. Meli moja, São Rafael, ilibidi waichome moto njiani kwa kukosa mikono ya kuiendesha.

Huo ndio ujasiri uliojengewa minara. Mabaharia wenyewe walikuwa wajasiri, simnyimi mtu sifa yake. Kuvuta kamba na ufizi unaoza si mchezo. Lakini uamuzi uliowaua ulikuwa wa kiburi na haraka, na mahesabu yake yalifanywa mbali na maji.

Narudi kwenye lile duara la Likoni, kwa kuwa nalo lina ukoo wake. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na meli mabaharia walizoziita majeneza: kuukuu, zimepakizwa kupita kiasi, na zimekatiwa bima nono. Zikifika, tajiri anapata. Zikizama, tajiri anapata. Baharia aliyekwisha kutia sahihi kisha akaiona meli na kukataa kuipanda, alifungwa jela. Tafakari hilo. Yule pekee aliyekuwa na macho ya kuiona hatari ndiye aliyefanywa mhalifu. Mbunge Samuel Plimsoll alipiga kelele miaka hadi sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha kila meli ichorwe alama. Sheria hiyo ilikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe: mwenye meli alijichagulia mwenyewe pa kuichora. Ilichukua hadi 1890 ndipo mahali pa mstari pakawekwa na sheria. Kwa hiyo lile duara ni "leo hatutoki" iliyopakwa rangi, baada ya kuonekana kwamba mdomo wa baharia hautoshi.

Na sisi hatukulifuata katika maji yetu wenyewe. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa na watu kupita kiasi chake, mita chache kutoka nchi kavu. Watu 272 wakafa. Walikuwa wanakwenda kazini. Hapakuwa na tufani, hapakuwa na mwamba, wala maji yale hayana upana wa kumchosha mwogeleaji wa kawaida. Hakuna aliyeuawa na bahari siku ile. Waliuawa na hesabu ya mlangoni, pale ambapo mtu mmoja alitakiwa kunyoosha mkono aseme "imetosha, nyinyi mngoje cha pili", na ama hakuwepo, ama hakusikilizwa. Kila nikiona umati unavyolisukuma lango la feri saa moja asubuhi, na mimi nikiwemo nasukuma, najua kwamba anayezuia hapendwi na mtu. Tunamtukana. Tunamwambia anatuchelewesha.

Kuna methali: mwanamaji wa Kwale, kufa maji mazoea. Nimeisikia ikitolewa kama sifa, kwamba mtu wa pwani haogopi. Siku hizi naisikia kama shitaka. Neno zito ndani yake ni mazoea.

Tuje kwenye maharamia, maana Mombasa ililipa sehemu ya gharama ile kabla dunia haijawa na habari nayo. Juni 2005 meli ndogo ya Semlow iliondoka hapa na mchele wa msaada kwa Wasomali walioathiriwa na tsunami. Ilikuwa na watu 10, nahodha Msri Lanka, fundi mitambo Mtanzania, na waliobaki Wakenya. Ilitekwa, ikashikwa kama siku 100. Haikuwa na vifaru wala mafuta, kwa hiyo haikupata kamera. Kamera zilikuja Septemba 2008 ilipotekwa meli ya Faina ikiwa njiani kuja Mombasa na vifaru 33. Ghafla manowari zikajaa, kila mtu akawa mtaalamu wa bahari. Tofauti ya hadhi kati ya mchele na vifaru ilikuwa wazi kwa yeyote aliyekuwa na ndugu baharini.

Inayoniuma zaidi ni meli ya Albedo. Ilikamatwa Novemba 2010 ikitoka Jebel Ali kuja hapa hapa Kilindini. Kulikuwa na meli zilizokombolewa kwa wiki au miezi kwa kuwa wenyewe walikuwa na bima na mawakili. Albedo ilikaa. Fedha za kuwakomboa wote hazikupatikana. Mwaka 2013 meli yenyewe ikazama ikiwa bado imeshikwa, na mabaharia 11 wa mwisho waliachiwa Juni 2014, miaka mitatu na nusu baadaye. Ukinisimulia ujasiri wa kupambana na mawimbi nitakusikiliza. Lakini ujasiri wa kuamka kila asubuhi mahali kama pale, ukijua kuna watu ofisini wanapima bei yako na wanaiona ghali, sijui nimlinganishe nani nao.

Halafu Bahari ya Shamu. Novemba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, waliiteka meli ya Galaxy Leader na watu 25, ambao walirudi makwao Januari 2025. Machi 6, 2024 kombora likaipiga True Confidence na kuua mabaharia watatu, Wafilipino wawili na Mvietnamu mmoja. Makampuni makubwa yakaanza kuzungushia meli zao Rasi ya Tumaini Jema, ile ile njia ya Gama, siku kumi zaidi au kupita. Tuliambiwa ni kwa kuwajali mabaharia. Huenda. Ninachojua ni kwamba bei za bima zilipanda mno wakati huo huo. Bima ndiyo nahodha mpya: ikikataa, meli inageuka bila kuulizwa maswali.

Hapo hapo lakini kulitokea jambo ambalo babu angelielewa bila mkalimani. Vyama vya mabaharia na waajiri wa kimataifa viliafikiana kwamba baharia aliye chini ya mikataba yao anaweza kukataa kuingia eneo lile, akarudishwa kwao kwa gharama ya kampuni, na anayekubali kwenda alipwe nyongeza. Mtu wa chini kabisa chomboni, mpiga rangi, mpishi, anaruhusiwa kusema "mimi siendi" bila kuitwa mwoga. Tangu jela za Waingereza hadi hapo ni safari ndefu kuliko yoyote niliyoitaja.

Tatizo ni kile kifungu kidogo: aliye chini ya mikataba yao. Mtoto wa jirani yangu alipata kazi ya meli mwaka jana kupitia wakala mmoja wa mjini. Alinijia barazani jioni, akanionyesha mkataba kwenye simu, macho yanang'aa. Tukausoma pamoja, mimi na miwani yangu. Kulikuwa na kifungu kuhusu urefu wa nywele. Kulikuwa na vitano kuhusu makato. Jina la meli halikuwepo, liliandikwa "itakayopangwa". Nilitafuta mahali panaposema nini kitatokea ikiwa meli hiyo isiyo na jina itapelekwa kwenye vita, nikapekua hadi mwisho, nikarudi mwanzo.

"Baba, nisipokwenda mimi atakwenda mwingine," akaniambia, kwa adabu, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Sikuwa na jibu. Mshahara uliokuwa pale ni mara tatu ya anachoweza kupata hapa akiwa na bahati. Akaenda. Anatuma salamu wiki akipata intaneti, na picha za machweo ambazo mama yake huzionyesha mtaa mzima. Watu humwambia mama ana mtoto jasiri, naye huitikia alhamdulillahi, kisha huingia ndani haraka.

Juzi, nikitoka kuswali alasiri, nilipita Bandari ya Kale. Jahazi hazijai tena siku hizi. Ni mbili tatu zenye injini, za kwenda Pemba na kaskazini huko. Moja ilikuwa imeshapakiwa, magunia yamefunikwa turubai, kamba zimekazwa. Nje ya mlango wa bahari maji yalikuwa yameanza kuvunjika meupe. Nahodha, mtu wa makamo, kofia ya kiua imekolea jasho, alikuwa amekaa juu ya magunia na simu sikioni. Sauti ya upande wa pili ilisikika hadi kwangu: tajiri anauliza kwa nini mzigo haujaondoka, soko linamngoja, amelipa.

"Nimekusikia, bwana mkubwa," alisema nahodha. "Nimekusikia tangu asubuhi."

Sauti ikaendelea. Aliishusha simu, akaitazama kidogo kioo chake kama anayetafuta uso wa mtu, akaizima. Kisha akamwita kijana wake aliyekuwa ameshika kamba ya ukutani tayari kuifungua.

"Ifunge vizuri hiyo. Halafu kaniletee kahawa, na yako pia."

Kijana akaizungusha kamba mara mbili zaidi kwenye gogo, akaivuta kuijaribu, akapanda ngazi kwenda kumtafuta muuza kahawa.